Melbourne Demons (AFL, ligi ya mpira wa Australia): mara 69 ndani ya hamsini, magoli 7. Tatizo ni washambuliaji au wanaowapelekea mpira?

#1 Kipanga wa MCG (Dandenong), Septemba 2023

Wakuu, salaam. Nimesubiri hasira zipoe ndipo niandike. Carlton 73, Melbourne 71. Wiki moja kabla, Collingwood 60, sisi 53. Mwaka jana Sydney na Brisbane walitutoa vivi hivi, mechi mbili mfululizo, tena uwanja wa MCG, nyumbani kwetu. Misimu miwili tunamaliza ndani ya nne bora na misimu yote miwili hatujashinda hata mechi moja ya mtoano.

Dai langu: hatuna safu ya mbele. Nyuma tuna May na Lever. Katikati tuna Petracca, Oliver na Viney, ambao kila kocha anawatamani. Tuna nahodha Gawn anayeruka juu ya kila mtu. Ila mpira ukishavuka ule mstari wa mita 50 kutoka golini, basi. Dhidi ya Collingwood tuliingia ndani ya hamsini mara 69, wao mara 37. Someni tena: 69 kwa 37, na tumefungwa! Timu yenye washambuliaji wa maana haipotezi mechi ya namna hiyo.

Kwa wageni wa mchezo huu: mpira ukipita katikati ya nguzo mbili ndefu ni goli, pointi 6. Ukipita kati ya nguzo ndefu na fupi ni pointi 1, sisi humu tunaita "ya pembeni". Ndiyo maana matokeo yanaandikwa 9.17, yaani magoli 9 na za pembeni 17.

#2 Mtu Chake (Dar)

Nimeweka kambi hapa. Wajuzi njooni.

#3 Bin Shamte (Mombasa)

Wa alaykum salaam. Ile ya Carlton ilianza kwetu kabla ya saa saba mchana, siku ya Ijumaa, kwa hiyo robo ya kwanza ilinipita nikiwa msikitini. Zilizobaki niliziona zote, mpaka lile goli la Blake Acres ambalo sitaki kulikumbuka.

Sikubaliani na mwenye uzi. Tuweke hesabu mezani. Mechi mbili za mtoano, sisi tumefunga 16 na za pembeni 28. Wapinzani wamefunga 20 na za pembeni 13. Kwa hiyo sisi tumepata alama mara 44, wao mara 33, na tofauti ya jumla ya mechi zote mbili ni pointi 9. Tisa tu, wakuu! Badilisha mbili tu kati ya hizo 28 ziwe magoli, moja kwenye kila mechi: kwa upande wa Carlton inatosha kabisa, na kwa Collingwood unabakiwa na pointi 2 za kutafuta. Nafasi zilikuwepo. Kilichokosekana ni kulenga.

#4 Raki Mstaafu (Perth)

Bin Shamte, hesabu zako ni sawa ila umezisoma vibaya. Si kila ya pembeni ni mtu aliyelenga akakosa. Nyingine ni beki wa upinzani amebanwa, akaamua kuusukuma mwenyewe upite ili atoe pointi 1 kuliko kuhatarisha 6. Nyingine mtu kapiga akiwa ubavuni kabisa mwa uwanja. Nguzo ndefu zinaachana mita 6.4, lakini ukisimama kule pembeni karibu na mstari unaiona kama nafasi ya kupitisha mkono. Mtu anayepiga kutoka pale hajakosa shabaha. Amekosa mahali pazuri pa kupigia, na hilo ni swali jingine.

#5 Dada Neema (Sunshine)

Mimi nilikuwepo MCG usiku wa Collingwood, nyuma ya magoli upande wa Punt Road. Kwenye televisheni kamera inafuata mpira, hamuoni kinachotokea mbele yake. Nawaambia nilichokiona.

Petracca anatoka katikati kwa kasi yote, kichwa chini, anapiga mbali na juu. Mpira unakaa hewani muda mrefu mno. Wakati uko hewani beki wao Darcy Moore anautazama tu, anapiga hatua mbili tatu kwa utulivu, na mshambuliaji wetu van Rooyen amekwishashikwa na mtu mwingine. Halafu kinachouma zaidi: wetu watatu wanaukimbilia mpira mmoja, wanaruka pamoja, wanagongana. Pale chini ambapo mpira utadondoka hakuna mtu wa jezi yetu isipokuwa Kozzie Pickett peke yake na watu wanne wa Collingwood. Ikawa hivyo mara, mara, na mara. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa anapiga kelele "mtazame kwanza!" mpaka sauti ikamkauka.

Van Rooyen ana miaka 20, huu ndio msimu wake wa kwanza kucheza ligi. Kumtwika lawama huyu mtoto si haki. Waulizeni wanaompelekea mpira.

#6 Kipanga wa MCG

Dada Neema, nimekusoma na nakuheshimu, ila viungo hao hao 2021 walikuwa wanapeleka mpira vile vile. Tofauti ni kwamba mbele kulikuwa na Ben Brown na Tom McDonald, nguzo mbili zinazosimama. Ukiurusha juu, hata wasipoudaka, haudakwi na beki. Fritsch akapata uhuru, akafunga 6 kwenye Fainali Kuu kule Perth. Tulikuwa nyuma kwa pointi 19 robo ya tatu, tukamaliza 140 kwa 74. Leo Brown goti linamsumbua na McDonald si yule. Nguzo zimekwisha, narudia.

#7 Wa Shepparton

Bandugu, jambo sana. Mimi ni wa Bukavu, niko Shepparton, nasaidia kufundisha watoto wa klabu ya mtaa. Nimesoma wote, na naona mnaisifu ile 69 wakati 69 yenyewe ndiyo ugonjwa.

Angalieni Melbourne ya kocha Goodwin inavyocheza. Kwanza ulinzi. Ikipoteza mpira mbele, timu nzima inapanda na kujenga ukuta, adui asitoke. Adui anapiga mbele kwa shida, May au Lever anaudaka, anaurudisha. Mpira unaingia tena hamsini. Unatolewa. Unaingia tena. Ndiyo maana mnafika 69. Lakini kila unaporudi, watu wote wako kule: 18 wa kwao, na wengi wa kwetu. Eneo lile linajaa kama soko la Kadutu siku ya Jumamosi. Hata umuweke nani pale mbele, ataruka na watu watatu mgongoni.

Collingwood waliingia mara 37 tu, lakini wengi wao waliingia wakikimbia, uwanja uko wazi nyuma ya ukuta wetu, mtu mmoja dhidi ya mtu mmoja. Wakapata 9.6. Mshambuliaji mwenye nafasi ya kukimbia anaudaka mpira kifuani, mbele ya magoli, anasimama, ana sekunde zake 30, anapiga. Wa kwetu anaupata kwa kunyang'anyana, amelala, anausukuma kwa mguu wowote ule.

Watoto ninaowafundisha nawaambia kitu kimoja kila mazoezi: mshambuliaji, ondoka golini! Toka, vuta beki wako huku pembeni, acha mahali wazi, halafu rudi. Wanaelewa vizuri sana mpaka mechi ianze. Mechi ikianza wote wanakimbilia mpira. Sasa nikiona watu wazima wa AFL wanafanya vile vile, najua si kwamba hawajui. Ni kwamba mfumo umewaleta wote mahali pamoja.

#8 Kunguru Mweusi na Mweupe (Footscray)

Majirani poleni. Sisi 37 zilitutosha.

#9 Kipanga wa MCG

Kunguru, mlango ule pale. Na kabla hujatoka tueleze lile la Maynard wenu kumgonga Brayshaw wetu.

#10 Kunguru Mweusi na Mweupe

Maynard aliruka kuuziba mpira, akashindwa kujizuia hewani. Baraza la nidhamu limemsafisha. Kesi imefungwa.

#11 Mama Zawadi (Geelong)

Kusafishwa kusafishwa, mimi niliona Brayshaw amelala pale, hajitambui, na ile si mara yake ya kwanza kuumia kichwa. Nina kijana wa miaka 14 anaucheza mpira huu na anaupenda kuliko kula. Usiku ule aliniuliza kama Brayshaw ataamka, nikakosa la kumjibu haraka. Sheria inayosema aliyeruka hana kosa kwa sababu aliulenga mpira, inamlinda nani? Aliyelala chini hailindi. Naomba tulizungumze hili kwa uzito, si kwa kutupiana maneno ya ushabiki.

#12 Kunguru Mweusi na Mweupe

Mama Zawadi, hapo nakubaliana nawe. Nami namuombea apone.

#13 Raki Mstaafu

Amina. Turudi kwenye mada. Kuna mtu ataje majeruhi au nitaje mimi? Haya:

Harrison Petty, beki aliyehamishiwa mbele, aliwafunga Richmond 6 katika mechi moja. Tukasema tumepata mtu. Haukupita muda akaumia mguu, msimu ukaishia hapo. Jake Melksham alikuwa amefufuka kweli kweli, akachanika mshipa wa goti mechi ya mwisho kabla ya mtoano. Fritsch mwenyewe alikosa wiki nyingi kwa ajili ya mguu. Brown, goti. Halafu van Rooyen akafungiwa kwa kumpiga McStay wa Collingwood, akaikosa mechi ya Carlton.

Safu iliyopangwa mwanzo wa msimu haikuwepo mwezi wa tisa. Mnajadili washambuliaji wabovu wakati washambuliaji wenyewe walikuwa kwenye vitanda vya madaktari.

#14 Bin Shamte

Na mwaka jana je? Mwaka jana tulianza kwa kushinda mechi 10 mfululizo, na bado mtoano tukatoka kwa pointi 22 na pointi 13. Majeruhi wa 2023 hawawezi kueleza 2022.

#15 Raki Mstaafu

McDonald aliumia mguu katikati ya 2022 na ndipo magoli yalipoanza kukauka. Angalia ratiba ya mwaka ule utaona.

#16 Mtu Chake (Dar)

Wakuu samahani, huyu "raki" ni nani? Nauliza kwa nia njema. Huku Jangwani sisi tunajua namba 9 tu.

#17 Raki Mstaafu

Mkuu, ni yule mrefu kuliko wote, anayeruka kuupigania mpira mwamuzi anapoudundisha au kuurusha kuanzisha mchezo. Gawn ana zaidi ya mita 2. Mimi nilicheza nafasi hiyo klabu ya mtaa hapa Perth mpaka magoti yakakataa. Na ukiwa wa Jangwani, kaa humu, utafundishika.

#18 Msimbazi Damu

Atafundishika kweli? Mtu wa Jangwani?

#19 Dada Neema

Jamani msituharibie uzi na Simba na Yanga 😄

Kwa kuwa raki ametajwa: hakuna anayemzungumzia Grundy? Tulimleta kutoka Collingwood ili acheze na Gawn. Mpango ulikuwa mmoja akiwa raki, mwingine akae mbele awe mlengwa. Kwenye karatasi inapendeza. Uwanjani, Gawn mbele ni mtu wa dharura na Grundy mbele hakuwa na raha kabisa. Mwisho wa msimu anachezea Casey, timu ya akiba. Nafasi ambayo angepewa mshambuliaji halisi, nusu msimu ilikaliwa na raki wa pili. Hilo ni kosa la benchi, si la mchezaji.

#20 Kipanga wa MCG

Gawn si mtu wa dharura, dada. Fainali ya awali ya 2021, ile ya kabla ya Fainali Kuu, aliwafunga Geelong 5.

#21 Dada Neema

Na kabla na baada ya usiku ule? Usiku mmoja mtukufu haujengi mfumo wa miaka mitatu.

#22 Mzee Lugome (Adelaide)

Hamjambo vijana. Mimi ni wa Port Adelaide kwa hiyo sina machungu yenu, ila nimefuatilia ligi hii tangu nifike. Mizizi ya tatizo lenu iko kwenye usajili. Mwisho wa 2018 mlimwachia Jesse Hogan aende Fremantle. Mshambuliaji mrefu, kijana, mliyemlea wenyewe. Tangu hapo mnatafuta mbadala. Weideman hakuwa, mkamwachia aende Essendon. Na yule Mac Andrew, mtoto wa familia ya Sudan Kusini, alilelewa kwenye programu yenu ya vijana, sheria ikabadilika, hamkuruhusiwa kumchukua kwa upendeleo, Gold Coast wakamchagua wa 5 kwenye uchaguzi wa wachezaji vijana mwaka 2021.

Na kwa wenzetu wa Kenya: mnajua Aliir Aliir wetu alizaliwa kambi ya Kakuma? Mwaka 2021 aliingia kikosi bora cha ligi nzima. Ni beki, lakini nikimuona anavyoudaka mpira wa wapinzani hewani huwa nasimama.

#23 Lokichar Express (Nairobi)

Mzee Lugome, asante kwa kumtaja Aliir. Nimefanya kazi Turkana miaka kadhaa na nimeona watoto pale Kakuma wakicheza mpira jioni kwenye vumbi, jua likizama, hakuna nyasi hata moja. Wengi hawajui kama mchezo huu upo. Mtu akitoka pale akafika MCG, mimi nitamshabikia hata akiwa anatufunga sisi Demons. Na ndiyo, nami ni wa Demons, msiniulize imekuwaje.

Lakini mzee, kuhusu Hogan umeacha nusu ya hadithi. Fremantle walitupa chaguo namba 6 la uchaguzi wa vijana, tukalipeleka Gold Coast, tukapata Steven May. Bila Hogan kuondoka hakuna May. Bila May hakuna kombe la 2021, na tungekuwa bado tunahesabu tangu kombe la 1964.

#24 Mzee Lugome

Sijakataa. Nasema mlilipa nyuma kwa fedha ya mbele, na deni hilo bado liko.

#25 Kipanga wa MCG

Hii nimeipenda. Basi mzee yuko upande wangu.

#26 Wa Shepparton

Hapana, ndugu Kipanga. Mzee anasema mlikosa mtu mmoja. Wewe unasema hakuna safu. Mimi nasema hata mkimpata huyo mtu, ataingia kwenye msongamano ule ule.

#27 Lokichar Express, Septemba 2024

Naufufua uzi huu kwa uchungu. Msimu umeisha, tumeshika nafasi ya 14. Jesse Hogan, akiwa klabu ya GWS, amechukua medali ya Coleman ya mfungaji bora kwa magoli 69. Mzee Lugome, popote ulipo, chukua maua yako. Brayshaw alistaafu Februari kwa sababu ya kichwa, hata miaka 30 hakufika. Brown naye amestaafu. McDonald amerudishwa nyuma kuwa beki.

#28 Mama Zawadi

Brayshaw... Kijana wangu alilia ile habari ilipotoka. Bado anacheza. Siku hizi avae helmeti ndipo nimpe ruhusa, ingawa daktari wake ameniambia wazi kwamba helmeti haizuii ubongo kutikisika.

#29 Bin Shamte

Hogan huyu huyu alikaa Fremantle miaka miwili bila kung'ara. Kwa hiyo hata yeye alihitaji mahali sahihi pa kuchezea na watu sahihi wa kumpelekea. Sijui hapo inamsaidia nani kati yenu, dada Neema au Wa Shepparton.

#30 Raki Mstaafu

Na msisahau Petracca alivunjika mbavu na kupasuka wengu siku ya King's Birthday (sikukuu ya kuzaliwa kwa mfalme) dhidi ya Collingwood. 2024 haifai kuwa ushahidi wa nadharia yoyote.

#31 Dada Neema, Novemba 2025

Wakuu mpo? Nafasi ya 14 tena, Goodwin aliondolewa Agosti, Steven King wa Geelong amechukua timu. Petracca ameenda Gold Coast, Oliver ameenda GWS, tena anakutana na Hogan huko. Nimesema tangu mwanzo tatizo ni wanaopeleka mpira. Sasa hawapo. Mwakani tutaona van Rooyen na Fritsch wanapata mpira wa namna gani.

#32 Bin Shamte

Haitathibitisha kitu, dada. Kocha mpya, viungo wapya, mfumo mpya, vyote kwa mpigo. Magoli yakiongezeka, kila mmoja wetu humu atadai ni kwa sababu yake.

#33 Kipanga wa MCG

Dada Neema, halafu kuna jambo moja hujalijibu tangu 2023. Mwaka 2018 Melbourne ndiyo iliyofunga zaidi kuliko timu zote kwenye ligi. Oliver alikuwepo, Petracca alikuwepo, Viney alikuwepo. Mpira ulikuwa unafika. Mbele alikuwepo Hogan na McDonald.

#34 Dada Neema

Petracca wa 2018 alikuwa anacheza mbele, Kipanga, si katikati. Yaani mmoja wa waliokuwa wanapokea vizuri ndiye tuliyemgeuza kuwa mpelekaji. Hilo linanisaidia mimi, si wewe.

#35 Wa Shepparton

Na ile timu iliyofunga kuliko wote, ilipofika fainali ya awali kule Perth dhidi ya West Coast, ilikwenda mapumziko bila goli hata moja.

#36 Kipanga wa MCG

Hogan alikuwa ameumia siku ile! Hakucheza!

#37 Raki Mstaafu

Ndiyo mmerudi kwangu sasa. Majeruhi.